Tope la Chini ya Josho

Kijiji cha Lihamile, Usangu, Mbeya
4 Agosti 1975

Mzee Yotamu Luvanda,
Kilolo, Iringa.

Mzee, shikamoo.

Hatujapata kuonana, ila jina la baba yangu unalijua. Mimi ni Damari, binti wa marehemu Mika wa Uyole, aliyekuwa msimamizi wa josho la Lihamile ulipokuwa mkubwa wa mifugo huku. Tangu Machi nimepangiwa kazi hapa hapa. Wafugaji wananiita Bwana Mifugo. Nilipowaambia mimi si bwana, wakaanza kuniita Bwana Mifugo wa Kike, nikaona bora niache kubishana.

Nakuandikia kwa shughuli ya kazi tu. Mwaka jana, watu walipokusanywa kwenye vijiji, Lihamile ilihamishiwa karibu na lile josho lililofungwa mwaka 1957. Ng'ombe wameongezeka mno, hasa wa Wasukuma walioteremka na makundi yao kutoka kaskazini. Kupe wamejaa majanini kiasi kwamba ukipita na soksi nyeupe unafika nyumbani na za madoadoa. Ndama wanakufa kwa ndigana, homa ya kupe. Tumeahidiwa dawa mpya, na lori litaileta kabla ya mvua.

Josho lenyewe bado zima. Kuta hazina ufa, ngazi za kutokea ng'ombe zipo, ni paa tu lililoliwa na mchwa. Ndani ni pakavu. Ninachohitaji ni ujazo wake, maana michoro haipo ofisini, na wewe ndiwe uliyelijenga. Bila ujazo siwezi kupima dawa. Nadhani wewe kuliko mtu mwingine unaelewa kwa nini kipimo kisikosewe.

Wako katika kazi,
Damari Mika


Kilolo, Iringa
19 Agosti 1975

Mwanangu Damari,

Marahaba, na kamwene, kama tunavyosalimiana huku. Barua yako ilifika siku nimeamka na nguvu za kukaa kitini, kwa hiyo naijibu kabla hazijaondoka. Moyo wangu umechakaa kama pampu ya zamani: unavuta, lakini maji hayapandi. Daktari wa misheni hakuniambia nimebakiza muda gani. Ameacha tu kunikataza tumbaku, nami nikaelewa.

Kwa hiyo Mika alimwacha mtoto akafuata kazi ile ile, tena mahali pale pale. Nimeisoma sentensi hiyo mara kadhaa.

Ujazo huu hapa. Kwenye ukuta wa kushoto, ukisimama pale ng'ombe anapochupia, kuna alama niliyochora kwa msumari saruji ikiwa mbichi. Maji yakifika hapo ni galoni elfu tatu na mia mbili. Usiipite alama hiyo hata kidogo, kwa sababu ng'ombe mkubwa akitumbukia maji hupanda.

Sasa nisikilize jambo la pili, ambalo hukuniuliza. Kabla hujatia tone moja la maji, lichimbe josho mpaka ufike kwenye saruji. Utasema ni pakavu na sakafu unaiona. Hiyo unayoiona si sakafu. Toa kila kitu, ukwangue, usugue, uoshe, na maji ya kuoshea uyatoe pia. Arseniki haiozi. Jua haliimalizi, mvua haiimalizi, miaka haiimalizi. Dawa mpya haiwekwi juu ya dawa ya zamani.

Usiniulize zaidi ya hapo. Fanya tu.

Msalimie Marta, mama yako.

Yotamu Luvanda


Lihamile
1 Septemba 1975

Mzee Yotamu, shikamoo.

Asante kwa vipimo. Alama ya msumari nimeiona.

Kuhusu kutoa tope, uniwie radhi. Josho hili lilitolewa dawa ya zamani yote kabla ya kutiwa ile mpya, na aliyelisafisha ni baba yangu. Yeye mwenyewe hakupenda kulizungumza jambo hilo, lakini Uyole nzima inalijua. Ng'ombe walikufa mwaka ule wa 1957 kwa sababu aliyechanganya dawa alizidisha kipimo, na aliyechanganya alikiri kwa kinywa chake mbele ya wenye ng'ombe na wakubwa wa serikali. Huyo ni wewe, Mzee. Sikuandiki haya kwa hasira. Nayaandika kwa sababu umeniambia nifanye bila kuuliza, na huko chuoni tulifundishwa kinyume chake.

Kutoa tope ni kazi ya majuma, na watu ninaowahitaji wako mashambani wakiandaa mpunga. Wafugaji nao hawataki kungoja. Mkubwa wa Wasukuma hapa anaitwa Bujiku, mtu mrefu mwenye ng'ombe ambao hataki mtu awahesabu. Jana alikuja na ngozi ya ndama begani, akaibwaga mlangoni kwangu. Akasema, "Mayu, ukimaliza kuandikiana barua na huyo mzee wako, niambie. Nitakuletea nyingine uketie."

Ananiita mayu, yaani mama, kwa heshima ya kwao, na papo hapo ananitupia ngozi. Lori linakuja mwishoni mwa mwezi huu. Likifika, nitajaza.

Jambo la mwisho si la kazi. Kila mwaka baada ya mavuno, mama hufunga kikapu cha viazi, akamkabidhi kondakta wa basi la Iringa na kumtajia jina lako. Viazi, kwenda Kilolo, ambako vinaota hata kwenye njia ya kuendea chooni! Nikimwuliza, anajibu, "Ni vya Yotamu," basi. Kwa nini mjane wa Mika akutumie wewe chakula? Kama unajua, niambie.

Damari


Kilolo
12 Septemba 1975

Mwanangu Damari,

Usijaze.

Barua hii nampa dereva wa lori la mbao anayekuja Mbeya kesho, maana posta inaweza kuchelewa. Nilitaka nife bila kuandika haya, na nilikuwa nimekaribia kufaulu.

Mwaka 1951, josho lilipojengwa, wenye ng'ombe wa pale walikataa kuleta wanyama wao. Walisema kila boma lina zindiko lake la kulilinda, na hili ni shimo la sumu ambalo ng'ombe anatumbukizwa kichwa na yote, bila kinga yoyote. Mzee mmoja wa Kisangu aliniuliza, "Una dawa ya kupe. Je, una dawa ya shimo?" Nilicheka. Lakini josho bila ng'ombe ni mtaro wa gharama tu, kwa hiyo niliwaachia tundu kwenye sakafu, upande wenye kina. Wakaweka chungu kilichofunikwa, wakalaza jiwe bapa juu yake. Mzee yule akasema mbele yetu sote kwamba atakayekitoa ilhali si mwenyewe, nyumba yake itabaki na majivu ya jikoni tu. Kisha wakaleta ng'ombe, na kwa miaka kadhaa mambo yakaenda vizuri.

Kufikia 1957 kupe walikuwa wameizoea arseniki. Ikaja dawa mpya, pamoja na sharti moja: ya zamani itoke yote kwanza. Ya zamani hushuka chini pamoja na mavi na udongo wa kwato, ikalala hapo. Ng'ombe wakitumbukia wanaikoroga, inapanda, na ngozi moja inabeba sumu mbili.

Kazi ya kulisafisha nilimpa baba yako. Watu wake walichota maji, wakachimba tope, mpaka sepetu ikagonga jiwe bapa. Wote wakapanda juu. Mika akabaki chini peke yake, mzee wa kanisa, na sepetu yake. Juma lile wewe ulikuwa na surua, umelala hufumbui macho, na mama yako alikuwa ameshazika watoto wawili kabla yako. Baba yako alilitazama lile jiwe, naye akapanda juu. Tope lililobaki lilikuwa la kufika magotini. Alilisawazisha, akalimwagia mchanga, akaniambia tayari. Nami nikajaza maji, nikachanganya dawa, kwa kipimo sahihi.

Kundi la kwanza lilitoka likitetemeka. Tulidhani ni baridi. Kufikia jioni walikuwa wamelala kwenye nyasi kila mahali, na wenye ng'ombe wanatembea kati yao wakiwagusa kwa fimbo.

Watu walitaka mtu wa kumlaumu. Mika wakati ule alikuwa anaishi jirani nao, ana mke na mtoto mgonjwa. Mimi nilikuwa mtu wa Iringa, nikaona ningeweza kuondoka. Nikasema nimezidisha kipimo. Nikaondolewa kazini, josho likafungwa, na hakuna aliyerudi kulitazama chini. Nilimwahidi baba yako kwamba sitasema. Leo naivunja ahadi niliyompa marehemu, kwa ajili ya ndama wa mtu nisiyemjua, na kwa ajili yako, maana ukijaza, safari hii jina litakalobaki pale ni lako.

Mtakapochimba, mvae viatu, mfunge vitambaa puani, na mtu asile kabla hajanawa. Tope mlizike kwenye mwinuko, mbali na mto, mzungushie miiba.

Watu watakuuliza nani aliliacha. Sema ni mimi. Jina langu limeshalizoea josho lile.

Kuhusu viazi: sijala hata kimoja. Nilivipanda. Kila mwaka nimevipanda, na leo shamba lote la nyuma ya nyumba ni la mama yako. Sababu muulize yeye.

Yotamu


Lihamile
6 Oktoba 1975

Mzee Yotamu, shikamoo.

Barua yako nilikaa nayo bila kumwambia mtu. Nilikasirika kwanza kwa niaba ya baba. Kisha nikachukua sururu nikaenda josho peke yangu. Nikashuka kwa ngazi, nikapiga pale nilipokuwa nikipaita sakafu. Saruji ikipigwa inalia. Ile ilinyamaza.

Lori lilikuja mapema kuliko ilivyoahidiwa. Madumu ya dawa nikayafungia katika ghala la kijiji, nikawaambia watu tunachimba. Bujiku alinizunguka kama anayekagua ng'ombe mnadani. Akasema, "Mayu, dawa umeletewa, maji yapo, na wewe unataka kuchimba chini. Unatafuta nini huko, mafuta ya taa?" Wenzake wakacheka sana. Hata hivyo alinipa vijana wake wenye nguvu, akaja na yeye mwenyewe, nadhani ili aone nitakavyoaibika.

Chini ya ule mchanga mgumu tope lilikuwa bado bichi, jeusi, lina harufu ya chuma. Hapo kicheko kilikwisha. Walichimba vizuri, kwa viatu na vitambaa kama ulivyoagiza, mpaka sururu ikagonga jiwe bapa. Jiwe la namna hiyo kila mfugaji anajua linafunika nini. Wakapanda juu mmoja mmoja, kana kwamba nao walikuwa wameisoma barua yako.

Nikawaambia ni chungu tu. Bujiku akasimama ukingoni akanijibu bila mzaha, mara ya kwanza tangu nimjue.

"Mayu, kwetu zindiko la zamani haling'olewi na mgeni. Na halifunikwi na jipya. Ukiyaweka mawili katika boma moja yatapigana, na anayekufa ni ng'ombe. Analing'oa aliyeliweka, au aliyeliacha, au mtoto wake. Hapa mwenyewe ni nani? Mtaje, aje, tumalize."

Kijiji kizima kilikuwa pale. Jina lako lilikuwa mdomoni mwangu, Mzee, na ruhusa ulikwisha kunipa. Lakini nikaona nikilitaja, itabidi tungoje mtu aje kutoka Kilolo kuling'oa, na mtu huyo ni mgonjwa, na ndama wanakufa. Na zaidi ya hapo, ingekuwa uongo, nami nimechoka kuona josho hili likijazwa uongo.

Nikasema, "Aliyeliacha ni Mika, baba yangu. Mimi ni mtoto wake."

Bujiku akasogea pembeni. "Basi shuka," akasema.

Nikashuka. Niliogopa, sitakuficha. Nililiinua jiwe kwa mtaimbo. Kifuniko cha chungu kilikuwa kimeoza siku nyingi, na ndani yake mlikuwa na tope lile lile lililokuwa nje. Nilikipandisha juu nikakiweka mbele yao. Bujiku akachungulia akaniuliza kama hicho ndicho kilichowaua wale ng'ombe wa zamani. Nikamwambia hapana, kilichowaua ni kukikwepa.

Baada ya hapo walishuka wote. Tumekwangua mpaka saruji, tumesugua, tumeosha, na maji ya kuoshea tumeyatoa kwa ndoo. Lile tundu nimeliziba mwenyewe. Tope na chungu tumevizika mwinukoni na miiba imezungushwa.

Lakini habari zina miguu. Nilipofika Uyole Jumapili walikuwa wameshasikia. Mzee mmoja wa kanisa alimsimamisha mama mlangoni mwa kanisa, mbele ya watu, akamwuliza kama ni kweli Mika aliogopa chungu. Mama alimpita akaenda zake. Nyumbani nilimsomea barua yako, ila habari ya viazi niliiacha. Alisikiliza huku anamenya viazi. Nilipomaliza aliniuliza, "Yotamu ameandika hivyo? Kwamba Mika alikuwa peke yake?" Nikasema ndiyo. Akacheka kidogo, si kicheko cha furaha, akaendelea kumenya.

Tangu siku hiyo sijui kama nilimtendea baba haki. Alikuwa mtu aliyenibeba mgongoni hadi shule mto ulipofurika. Sasa watoto wa Lihamile wanacheza mchezo wa mtu anayekimbia chungu.

Mwanao,
Damari


Kilolo
22 Oktoba 1975

Mwanangu Damari,

Mwandiko huu ni wa Esta, binti yangu, ambaye ni mwalimu. Mkono wangu haushiki tena kalamu. Maneno ni yangu, na nimemkataza kuyanyoosha.

Swali la mama yako limenifikia. Hapana, Mika hakuwa peke yake.

Asubuhi ile nilikuja kukagua. Nikakuta watu wamekaa juu, baba yako yuko chini anatazama jiwe. Nilisimama ukingoni nikamtania. Nikamwambia, "Mika, wewe mtu wa Biblia, unaogopa chungu?" Hakucheka. Alipanda ngazi taratibu akaniwekea sepetu mkononi. Akasema, "Basi shuka wewe, Bwana Mkubwa. Tundu uliliacha wewe."

Nilikuwa na cheti cha chuo cha mifugo cha Mpwapwa. Nilikuwa nimepasua mizoga na kuwaonyesha watu kwa macho yao kwamba homa haitoki kwa uchawi wa jirani. Nilishika ile sepetu, nikashuka ngazi mpaka kiatu kikagusa tope, nikasimama hapo. Kisha nikapanda juu.

Baba yako alikuwa na mtoto mgonjwa na makaburi mawili. Mimi sikuwa na sababu ya kukufanya unihurumie. Esta hapa alikuwa mzima, anasoma. Niliogopa tu.

Na nilipofika juu, sikuweza kumwambia mtu niliyetoka kumcheka kwamba nami nimeogopa. Nikazungumza kama mkubwa wa kazi. Nikasema, "Acheni. Dawa mpya ina nguvu, itaimeza ya zamani." Nilijua haiimezi. Kumwaga mchanga ni amri yangu. Baba yako alinitazama, akaufuata mchanga.

Kwa hiyo ng'ombe walipokufa na nikasema kosa ni langu, sikubeba la mtu mwingine tu. La kwangu lilikuwa ndani yake. Nililipa jina lingine tu. Nikaliita kipimo, maana aliyekosea kipimo bado ni msomi, bali aliyeogopa chungu si kitu. Watu wachache waliobahatisha ukweli walinihesabu kuwa mtu mwema aliyemfunika rafiki. Mika mwenyewe alisafiri mpaka Kilolo, mwaka uliofuata, akanishika mikono yote miwili akanishukuru. Nikaipokea shukrani hiyo. Nilingoja aseme, "Lakini amri ilikuwa yako." Hakusema, nami sikusema, tukala, akapanda gari akarudi. Hiyo ndiyo iliyonikalia kifuani miaka yote, kuliko ng'ombe.

Nilipokuandikia mwezi uliopita nilikuwa na nafasi ya kutoa yote. Nilichimba nikafika kwenye jiwe, nikapanda juu tena. Wewe ukashuka, mtoto wa Mika, ukamtaja baba yako mbele ya kijiji kizima kwa maneno niliyokupa mimi nusu.

Nakuomba uisome barua hii pale pale ulipomtaja, watu wale wale wakiwepo. Usiipunguze. Nani alisema "acheni", nani aliagiza mchanga, yote. Na Uyole pia, mlangoni mwa kanisa, kama mama yako ataona inafaa.

Mama yako sina la kumwambia. Viazi vyake vimezaa vizuri mwaka huu.

Yotamu Luvanda

Dada Damari, baba amefariki kabla sijaifikisha barua hii posta. Sikunyoosha neno. Mengi humu niliyasikia kwa mara ya kwanza nikiwa nayaandika, na ilibidi nimwombe apumzike mara moja, akadhani nimeona amechoka yeye, kumbe ni mimi. Tumemzika juu kidogo ya shamba la viazi. Esta.


Lihamile
17 Novemba 1975

Dada Esta,

Pole sana. Nilikuwa nimeanza kumwandikia barua ya kumwuliza kuhusu ng'ombe wenye mimba, kama waogeshwe au wangoje, na nilikuwa nimeacha nafasi ya kuandika "shikamoo". Sasa naiandika kwako.

Tulifungua josho Jumamosi. Kabla ya ng'ombe wa kwanza nilisimama pale ukingoni nikaisoma barua yake yote, kama alivyotaka. Bujiku ndiye aliyesema kwanza. Alisema, "Kwa hiyo walikuwa wawili. Nilishangaa. Tope lile lote haliachwi na mtu mmoja." Watu wakacheka, na baada ya kicheko hicho sijaona tena mtoto akicheza ule mchezo. Kisha Bujiku akavua kofia akaniuliza jina kamili la baba yako, akalitamka pamoja na la baba yangu, akawaambia vijana walete ng'ombe.

Wa kwanza alikuwa fahali wake mweupe. Alichupa, akazama, akaibuka akipiga chafya, akapanda ngazi akisimama kila hatua kama mzee anayeingia kanisani. Tulimtazama mchana kutwa. Bujiku alijifanya ana shughuli zake, lakini kila nilipogeuka alikuwa karibu na fahali. Jua lilipoinama fahali alikuwa anakula majani kama kawaida. Bujiku akaja kuniuliza josho jipya nitalizindika kwa kitu gani. Nikamwambia kwa kuliosha. Akasema tutaona, lakini ameshaniambia ataleta kundi lote, hata wale ambao hataki nijue wako wangapi.

Jana nilikuwa Uyole. Nilimsomea mama. Nilikuwa na hofu, Dada Esta, kwa sababu tangu barua yake ya Septemba nilidhani kwamba viazi vile ni shukrani, na sasa barua ilikuwa inasema baba yako hakustahili kushukuriwa. Nilipomaliza nikamwuliza kama ameelewa amri ilikuwa ya nani.

Akasema alijua tangu siku ile ile. Baba alimwambia kabla hajavua viatu: nani alishuka, nani alipanda, nani alisema acheni. Nikamwuliza kwa nini basi alimtumia viazi miaka yote hiyo. Aliniangalia kana kwamba nimeuliza jambo la mtoto.

"Walioogopa walikuwa wawili," akasema. "Aliyefukuzwa alikuwa mmoja. Huyo mwingine alilala kwangu, akala kwangu, akamlea binti yake. Sasa nisingemtumia hata viazi?"

Mlangoni mwa kanisa hakutaka nisome. Alisema wanaotaka kujua watakuja nyumbani, watakaa, watapewa chai, ndipo watasomewa.

Kikapu kinakuja kwako na basi la Alhamisi. Nilimwambia mama kwamba baba yako hakuwahi kula hata kimoja, alikuwa akivipanda. Akafungua kikapu alichokuwa amekwisha kukifunga, akaongeza vingine juu mpaka kifuniko kikakataa, akasema nikuandikie kwamba hivi ni vya matanga ya Yotamu, na mara hii vipikwe.

Mdogo wako,
Damari Mika